Mume wangu anadhani nasikiliza darsa, kumbe nasikiliza besiboli

Shangazi, asalaam aleikum.

Nakuandikia baada ya tarawehe. Nyumba nzima imelala, mimi nimekaa jikoni na simu. Nina miaka 33, ni mzaliwa wa Lamu, naishi Langoni na mume wangu, watoto wetu wawili na mavyaa wangu. Mume wangu ni fundi wa kuchonga milango. Mimi napika mahamri na mbaazi za kuuza asubuhi. Tunakula, tunalala, hatugombani. Tatizo ni langu, na nimelijenga kwa mikono yangu mwenyewe.

Marehemu baba alikuwa baharia wa meli za mizigo. Akiondoka, alikuwa akikaa mpaka tunaisahau sauti yake, na akirudi tunaanza kumzoea upya. Mwaka 2001 meli yao ilitia nanga Seattle, mji wa bandari magharibi mwa Marekani, na yeye na wenzake wakapata kwenda kutazama besiboli. Uwanja uko karibu kabisa na bandari. Timu ya mji ule inaitwa Seattle Mariners, maana yake Mabaharia. Baba alituambia, "Nimezunguka dunia nzima, kumbe timu yangu ilikuwa huku inaningojea." Akaja na kofia ya buluu iliyokoza, mbele ina herufi S imekaa juu ya dira ya baharia. Aliivaa mpaka ukingo wake ukachanika.

Msimu ule Mabaharia walishinda michezo 116 kati ya 162, wakaifikia rekodi iliyokuwa haijaguswa tangu 1906. Mjapani Ichiro Suzuki ndiyo kwanza ameingia ligi ya Marekani, na mwaka huo huo akachaguliwa mchezaji bora. Pamoja na yote hayo wakatolewa na New York Yankees kabla ya fainali kuu, ile inayoitwa World Series. Baba alitusimulia kisa hicho mara nyingi kuliko visa vya Abunuwasi. Tangu hapo timu haikuingia tena hata kwenye mtoano, miaka ikapita mpaka nikaolewa na kuzaa.

Baba alipopofuka kwa sukari, nilikuwa nikienda kwake kila asubuhi kumsomea matokeo kwenye simu. Msimu wa 2021 walishinda michezo 90, wakakosa mtoano siku ya mwisho kabisa. Nilipomsomea alinyamaza, kisha akasema, "Mwakani, inshallah." Mwezi uliofuata alifariki.

Mwakani ilipofika, Shangazi, sikuweza kuacha. Mtoto wa mama mdogo aliyeko Dubai hunilipia kwa kadi yake matangazo ya redio ya timu kwenye simu, nami humrudishia kidogo kidogo kutoka kwenye mahamri. Wakicheza kwao usiku, huku kwetu huwa saa kumi na dakika arobaini alfajiri, au saa kumi na moja na dakika kumi. Ndiyo saa niliyo mbele ya karai. Donge nimeliumua tangu usiku, nasukuma, nakata, natia kwenye mafuta, na sikioni chini ya mtandio nina waya mmoja. Adhana ikiadhiniwa nautoa, naswali, narudi. Msimu wao huanza kaskazi ikiisha na hukatika kusi ikilegea, kwa hiyo miezi yote ya bahari chafu na mvua mimi nina mwenzangu jikoni. Naisikia ile sauti ya mtangazaji, nausikia ule ukimya kati ya mrusho na mrusho, halafu gongo linagonga mpira na watu wanainuka. Nahisi kama nitakwenda kwa baba asubuhi nimweleze.

Mwaka ule wa kwanza mavyaa aliniuliza nasikiliza nini. Nikamjibu, "Darsa." Sikuwa nimepanga. Niliona haya kusema kwamba mwanamke mzima, mama wa watoto, nasikiliza Wamarekani wakipiga mpira kwa gongo. Na ni kweli siku nyingine nilikuwa nasikiliza darsa. Mavyaa akafurahi, akamwambia mume wangu, mume wangu akafurahi zaidi.

Tarehe 1 Oktoba 2022, asubuhi ya huku, mdaka mpira wao, Cal Raleigh, aliingizwa kupiga zamu ya tisa, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho, akaupiga mpira ukavuka ukuta, na timu ikarudi kwenye mtoano. Nilikuwa na sahani ya mteja mkononi na nikalia. Nikasema ni moshi.

Mwaka jana, 2025, ndiyo mambo yalinishinda. Raleigh huyo huyo alipiga homurani 60, yaani mipira ya kuvuka ukuta, kwa msimu mmoja. Wakawatoa Detroit katika mchezo uliokwenda zamu kumi na tano badala ya tisa, ulioanza saa tisa usiku wetu na kuisha saa mbili asubuhi. Wakafika mchezo wa saba na Toronto, anayeshinda anakwenda World Series, mahali ambapo Mabaharia hawajawahi kufika tangu timu ianzishwe mwaka 1977. Ilikuwa alfajiri ya kuamkia tarehe 21 Oktoba, siku moja baada ya Mashujaa. Tulikuwa tunaongoza 3 kwa 1. Zamu ya saba, George Springer wa Toronto akapiga homurani ya watu watatu, pointi tatu kwa pigo moja. Ikawa 4 kwa 3, na ikaishia hapo. Mahamri yaliungua karai zima. Mume wangu aliporudi msikitini alinikuta nimekaa chini nalia kwa kwikwi. Akaniuliza nini. Nikamwambia, "Darsa ya mauti imenigusa." Akakaa chini na mimi, akanishika mkono, na yeye macho yakamlenga.

Tangu siku hiyo anajisifu. Anawaambia wenzake kiwandani, anamwambia kaka yake. Binti yangu wa miaka sita huwa naye wakati mwingine anatia waya mmoja sikioni. Siku moja aliniuliza mbele ya bibi yake, "Mama, Mabaharia wameshinda?" Nikasema ni kisa kilichomo kwenye darsa. Yakapita.

Sasa mavyaa ameniletea ujumbe kwamba kina mama wa mtaa wananiomba nizungumze nao japo robo saa katika Ramadhani hii, niwape faida ya ninayosikiliza. Nimejitia mafua. Na wiki iliyopita mume wangu amerudi kutoka Mombasa na spika ndogo isiyotumia waya. Anasema ni zawadi yangu ya Idi, ili asubuhi niifungue na nyumba nzima isikilize pamoja na mimi. Msimu mpya unaanza siku chache baada ya Idi.

Nafikiria niache kabisa. Nikiacha besiboli na kusikiliza darsa kweli, uongo utakufa wenyewe na hakuna aliyeumia. Lakini nikifikiria hivyo ni kama namzika baba mara ya pili. Na nikisema ukweli, mume wangu hatanielewa. Nifanye nini?

Binti Baharia, Lamu

*

Shangazi anajibu

Mwanangu, waaleikum salaam.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilishika zaidi ile besiboli, kwa sababu siijui, na ilinibidi nimwite mpwa wangu anifahamishe zamu ni nini na kwa nini mchezo unaweza kwenda saa tano bila kuisha. Akanieleza kwamba hakuna dakika 90 kama kandanda. Mkiwa sare mnaendelea, zamu baada ya zamu, mpaka mmoja azidi. Mara ya pili nikaona uongo. Mara ya tatu ndipo nilipomwona baba yako, na nikatamani ningeanza na yeye.

Wacha niseme nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Umerithi kitu kutoka kwa baba yako, kitu kidogo ambacho watu wengine wangekiona cha kuchekesha, na kwako ndicho kilichobaki cha zile asubuhi mlizokaa naye wakati macho yake yamekwisha kuzima. Ulipoulizwa ghafla ukakifunika kwa nguo ya kwanza iliyokuwa karibu na mkono wako. Kwa bahati mbaya nguo hiyo ilikuwa nzuri mno. Watu wakaisifu, na sasa unavishwa hata mahali usipotaka kwenda. Unaona njia mbili tu, ama uiache timu ukae salama, ama useme na usieleweke.

Mimi nina mashaka kidogo na njia zote mbili kama ulivyozieleza.

Nianze na hiyo ya kuacha. Umeandika kwamba ukiacha, uongo utakufa wenyewe. Utakufaje, mwanangu? Mume wako ataendelea kuikumbuka ile alfajiri aliyokaa sakafuni na wewe. Kwake ile ni siku kubwa katika ndoa yenu. Pengine akiwa mzee ataisimulia. Kila atakapoitaja utajua ni nini hasa kilichokuliza, na utakuwa huna tena hata ile faraja iliyokuingiza kwenye mkasa huu. Sisemi haiwezekani. Wapo watu wameziba mambo makubwa kuliko haya wakaishi. Lakini nataka uihesabu bei yake vizuri, kwa sababu wewe umeihesabu kama bure. Na ukumbuke kwamba hutokuwa umeacha mpira. Umeniambia mwenyewe utakuwa umeacha nini.

Mama yangu mzazi, pale Malindi, baada ya baba kutuondokea, hakukosa hata siku moja kuifungua redio saa ya taarifa ya habari ya jioni. Habari zenyewe alikuwa hazisikilizi. Alikuwa akipepeta mchele, akiinuka kuangalia chungu, akizungumza na majirani juu ya sauti ya mtangazaji. Ilikuwa ndiyo saa ya baba. Sisi watoto tulilalamika kwamba anamaliza betri, mpaka siku moja dada yangu mkubwa akatuita nje akatukanya. Nimekumbuka hayo niliposoma mstari wako kwamba unahisi kama utakwenda kwa baba asubuhi umweleze. Unamwita mtangazaji "mwenzangu jikoni". Mimi nadhani mwenzako jikoni ni mtu mwingine, na huna budi kujiuliza kama msiba wako ulipata kuliliwa sawasawa, au uliingia moja kwa moja kwenye karai la mahamri ukawa huna nafasi ya kukaa nao.

Sasa hiyo ya pili. Unasema, "Mume wangu hatanielewa." Katika barua nzima sikuona mahali ulipomjaribu. Je, anajua kuhusu ile kofia? Anajua baba yako alikuwa na timu? Ulipokuwa ukitoka kila asubuhi kumsomea mzee matokeo, mume wako alidhani unakwenda kufanya nini? Hukuniambia, na labda hukuona kama ni muhimu. Mimi naona ni muhimu sana. Ikiwa hajui lolote katika hayo, basi hakuwahi kupewa nafasi ya kukuelewa, na hukumu umempa bila kesi.

Huyu ni mtu anayechonga milango. Nimekaa Lamu kidogo ujanani, nikawaona mafundi wenu. Fundi anaweza kukaa siku nyingi juu ya ua moja la kizingiti, ua ambalo mpita njia hatalitazama hata mara mbili, na ukimuuliza kwa nini asilifanye rahisi atakutazama kama umemtukana. Mtu wa kazi ile anajua kupenda kitu kwa undani ambao wengine hawauoni. Anajua pia kupokea mkono wa mzee aliyemtangulia na kuuendeleza. Huenda mlango wa kuingilia kwake ukawa huo. Sikuahidi kwamba utafunguka. Nakuuliza tu kama umewahi kuugonga.

Kuna hatari nyingine hujaitaja, na kwa kuwa mimi ni mtu mzima niitaje. Mume akigundua mwenyewe kwamba mkewe kwa misimu minne amekuwa akisikiliza kitu kwa siri alfajiri, jambo la kwanza litakalomjia kichwani halitakuwa besiboli. Tena kuna binamu Dubai anayetumiwa pesa kidogo kidogo. Wewe unajua ni mtoto wa mama mdogo na ni malipo ya redio. Anayeliona kutoka nje ataliona vingine, na ukija kusema "ni mpira wa Seattle" wakati umeshashikwa, hata ukweli wako utasikika kama uongo mwingine. Sasa iweke hapo ile spika. Simu ikishajiunga nayo mara moja, inaweza kujiunga tena bila wewe kukusudia. Itakuwa saa kumi na dakika arobaini, mavyaa yuko kwenye mswala chumba cha pili, na sauti ya Mmarekani inajaza nyumba. Sikuambii haya kukutisha. Nataka uone kwamba hali ya kubaki kama ulivyo, ambayo hukuihesabu hata kuwa ni njia, nayo ni uamuzi, na ina mwisho wake.

Nimefika kwa mtoto. Wewe ulimpitisha kwa maneno matatu, "yakapita", "wakati mwingine", basi. Mimi nilisimama hapo. Binti yako wa miaka sita anajua Mabaharia ni nani. Amewahi kusikia makelele ya uwanja kwa sikio lake. Amemuuliza mama yake swali la furaha, na mama yake mbele ya bibi akajibu jambo ambalo mtoto anajua halikuwa hivyo. Watoto hawasemi, mwanangu, lakini siri ya mtungi aijuaye kata. Yeye sasa ndiye kata. Tangu siku hiyo amekuuliza tena kuhusu Mabaharia mbele ya watu? Kama hajauliza, basi ameshajifunza kukulinda, na mzigo huo ni mkubwa kwa umri wake. Nakuomba usilie ukisoma hapa. Nalisema kwa sababu katika yote uliyoandika hilo ndilo naona halina muda wa kungoja, hata kama mengine yote utayaacha yalivyo. Keti naye. Mwambie kwamba Mabaharia ni timu ya babu yake, kwamba swali lake halikuwa kosa, na kwamba mama ndiye aliyejibu vibaya.

Ukishamwambia mtoto hivyo, bila shaka, kumwambia baba yake kutakuwa kumekaribia. Hilo nalijua na wewe unalijua.

Ukiamua kuzungumza na mume wako, fikiria namna. Mimi nisingechagua magharibi karibu na kufuturu, mtu ana kiu na kichwa kinauma. Nisingechagua mbele ya mavyaa, wala kwa ujumbe wa simu. Baada ya tarawehe, wakati kama huu ulioniandikia, watu wamelala na upepo umetulia, ni wakati mwema. Pengine usianze na uongo. Anza na baba yako. Kama ile kofia ipo, itoe uiweke mbele yake, umweleze mwaka 2001, umweleze mzee kipofu aliyesema "Mwakani, inshallah" na mwakani ikaja yeye hayupo. Akishamjua mgonjwa uliyekuwa ukimsomea, atajua pia ni nani uliyekuwa ukimlilia siku ile ya Toronto. Kwa sababu nakwambia, mwanangu, ulipomjibu "darsa ya mauti imenigusa", hukuwa mbali sana na ukweli kama unavyofikiri. Mauti ndiyo iliyokugusa. Lakini hilo usilitumie kujitetea. Mwache alione mwenyewe kama ataliona.

Nini kinaweza kuharibika? Anaweza asichukie besiboli hata kidogo, akaumia kwa sababu nyingine. Amejisifu kwa watu. Amesema kiwandani, amesema kwa kaka yake. Mwanaume akijua aliyoyasema barazani hayakuwa kweli, hata kama kosa si lake, haya zinamwingia mifupani. Anaweza kunyamaza siku nyingi. Anaweza kuuliza, "Ni lipi jingine usilonieleza?" na swali hilo ni haki yake, hata ukiwa huna jingine. Jiandae kulijibu bila kukasirika. Na msaidie na lile la watu, mwambie yeye ndiye atakayeamua nini waambiwe wenzake wa kiwandani na nini kibaki ndani ya nyumba. Kumrudishia uamuzi huo kunaweza kumpoza kidogo.

Wapo watakaokushauri uanze na mavyaa, kwa kuwa ndiye aliyeuliza na ndiye aliyeeneza. Mimi naliona lina hatari. Mambo ya mke yakimfikia mume kupitia kwa mama yake, hata mama akiwa na moyo mweupe, huwa yamebadilika rangi njiani. Lakini wewe unamjua mavyaa wako, mimi simjui. Kuna mavyaa ambaye angesikia habari ya baba yako akakukumbatia kabla hujamaliza, naye angekuwa mtetezi wako wa kwanza. Huyu uliyeniandikia ni mwanamke aliyefurahi kusikia mkwe wake anasikiliza darsa. Huenda alifurahi kwa sababu anakupenda na anatafuta pa kukusifia. Hilo nalo ni la kutazama.

Kuna na njia ya katikati ambayo naiona inakuvuta bila kuitaja. Siku wasizocheza, au michezo inapokuwa saa nane usiku na wewe umelala, usikilize darsa kweli, na kwenye spika, na ile ya Mabaharia ibaki sikioni. Nusu ya uliyoyasema itakuwa kweli. Watu wengi huanza kurudi kwenye ukweli kwa hatua kama hizo, na mimi siwezi kuwacheka. Wasiwasi wangu ni kwamba njia hiyo ni ya raha kiasi ambacho unaweza kuikaa miaka kumi, na waya ule mmoja chini ya mtandio ukazidi kuwa mzito kila mwaka.

Kuhusu kina mama wanaokungojea uwape faida, mafua hayadumu mwezi mzima. Huko kuna watu watakaobeba maneno yako kama elimu, na jambo linakuwa limekutoka mikononi. Unaweza kumwambia mavyaa maneno ambayo ni kweli tupu leo hii, "Mama, mimi sina elimu ya kufundisha watu, nawaonea haya." Hakuna atakayekulaumu kwa hilo. Na kama dhambi ya kuitaja darsa ndiyo inayokunyima usingizi, nenda kwa mwalimu wa dini unayemwamini, mwanamke mwenzio ikiwezekana, umweleze kama ulivyonieleza. Mimi kazi yangu ni ya nyumba na mioyo, lile lina wenyewe.

Mpwa wangu aliniambia neno moja nikalishika. Anasema katika mchezo huu mpigaji bora kabisa, hata huyo Ichiro ambaye mwaka jana aliingizwa kwenye ukumbi wao wa heshima, mara nyingi zaidi hukosa kuliko anavyofaulu. Akifaulu mara tatu kati ya kumi, wanamhesabu hodari. Basi nikafikiria jinsi ulivyoniandikia, "nimelijenga kwa mikono yangu mwenyewe", kama mtu aliyekwisha kujihukumu. Ulikosa mara moja, siku ile mavyaa alipouliza, ukiwa na msiba ambao haujatimia mwaka. Mengine yote yamefuata ile. Ningependa ujitazame kwa huruma kidogo kabla hujamkabili mtu yeyote, maana anayekwenda kuungama akiwa ameshajichapa huzungumza kwa hasira, na anayemsikiliza hudhani hasira ni yake.

Na timu yenyewe sijaisema vibaya, umeona? Sioni ubaya wa mwanamke wa Langoni kuwapenda Mabaharia wa Seattle. Michezo 162 ni mingi, na nusu yake iko nyumbani kwao, yaani alfajiri zako. Utakuwa na la kupanga kuhusu bando, usingizi na mahamri yasiungue. Lakini hayo ni mambo ya watu wawili kukaa na kupanga, siku mtakapokuwa wawili katika jambo hili.

Niandikie tena. Uniambie kama kofia bado ipo, na nani anaitunza. Ukiweza, uniambie binti yako alisema nini. Mimi nimemwomba mpwa wangu aniwekee kwenye simu mchezo wa kwanza baada ya Idi, na alfajiri hiyo, nikiamka, nitakuwa nasikiliza kutoka huku Malindi, ingawa sitaelewa hata nusu yake.

Shangazi